Pesa za Sista Zilizokwama India

Kwa miaka minne nimekuwa nikisema kwamba pesa za Sista zilicheleweshwa na mtandao. Nimesema hivyo kwa paroko, kwa wanawake wa jumuiya yetu hapa Nandagala, kwa walimu wenzangu, na mara moja (Mungu anisamehe) kwa mtu ambaye hata hakuwa ameuliza. Nilikuwa naongopa. Zilikwama kwa kosa langu, na nilikuwa nimeambiwa, tena kwa upole, na aliyeniambia alikuwa amekaa kulia kwangu kwenye benchi moja, goti lake likigusa langu.

Sista Imelda ni binti wa hapa, na shirika lake lilikuwa limempeleka India kusomea uuguzi. Jumapili moja, msimu wa korosho, watu wakiwa ndio kwanza wamelipwa pesa za mnada, akatuma ujumbe kwamba ada ya mtihani haijalipwa na mwisho ni Ijumaa, asipolipa harudii mtihani tu, anarudia mwaka. Tukachanga palepale baada ya misa. Mama Chitanda, mwenyekiti wetu, akasema kesho ziende benki Nachingwea kama siku zote, kuna dada wa dirishani anatujua.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Inabidi mjue kwamba mimi ni mwalimu wa kuja, nimetoka Njombe, nina digrii, na kwa bahati mbaya wiki ile nzima nilikuwa nasoma mtandaoni habari za kutuma pesa nje kwa bei nafuu, kwa hiyo nilikuwa nimejaa kama gunia. Nikawaeleza kwamba benki inakukata mara mbili, mara ya kwanza kwenye ada unayoiona na mara ya pili kwenye kubadilisha shilingi, ambako huoni kitu, na kwamba ipo aplikesheni ambayo unatuma ukiwa umekaa hapo ulipo, kwa makato kidogo sana, na mwenzako anakwenda kwa wakala na pasipoti yake anachukua. Yote hayo yalikuwa kweli na bado ni kweli (naitumia mpaka leo). Ninayasema mapema kwa sababu aliyekuja kuusingizia mtandao kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Basi nikakaa kwenye benchi, wanawake wamenizunguka, nikaanza kujaza. Jina la kwanza la mpokeaji, nikaandika Sista. La kati, Imelda. La ukoo, Mmuya. Mama yake Sista, aliyekaa kulia kwangu, ambaye si msemaji na Kiswahili kwake ni cha kanisani na sokoni, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, huyu mwanangu anaitwa Tekla."

Nikamjibu bila kuinua macho, "Mama, Tekla ni la nyumbani. Hapa tunaandika la kazini."

Akarudi kukaa wima. Nikabonyeza, pesa zikaenda, wakapiga makofi.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia karibu na parokia anajua kwamba masista hupewa jina jipya wanapoweka nadhiri, na mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba pasipoti haiweki nadhiri. Mimi nilikuwa na digrii tu. Jumatatu Sista akaniandikia kwamba wakala amemkatalia, jina halilingani. Badala ya kumuuliza ni jina gani (nilishalijua, liko sikioni) nikamwambia ajaribu kesho, huenda ni mtandao. Jumanne wakamkatalia tena. Nikaingia kwenye aplikesheni kimyakimya kurekebisha, lakini yenyewe inaruhusu kusahihisha herufi moja mbili, na mimi nilikuwa nataka kumgeuza Sista mzima kuwa Tekla, kwa hiyo ikanishuku, ikataka nithibitishe kwamba mimi ni mimi.

Mtandao mzuri hapa kwetu uko juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Jumatano nikapanda, nikainua simu mbele ya uso, nikaanza kufuata maelekezo: tazama kushoto, tazama kulia, fumba macho, fumbua, fungua mdomo, halafu inasema mwanga hautoshi, rudia. Nilikuwa nimesahau kwamba Jumatano ni siku ya kufagia kanisa. Nilipokuwa natazama kushoto kwa mara ya sita nikaona mifagio imesimama, na wanawake kama kumi wananitazama.

"Mwalimu," akauliza Mama Chitanda, "shingo imekaza au umepandisha mashetani?"

Nikasema nathibitisha kwamba mimi ni mimi.

"Kwa nani, huko juu?"

Nikafungua mdomo nimjibu, simu ikachukua picha hiyo, na akaunti ikafungwa kwa uchunguzi. Nikateremka nikawatangazia kwamba mtandao wa India umeelemewa. Mama Chitanda akasema kumbe hata India ni kama Nandagala, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake Sista hakucheka. Alinitazama, nami nikatazama simu. Ningeweza kusema palepale, Jumatano bado ilikuwa na nafasi. Sikusema.

Ijumaa mchana Sista akanipigia kwamba amelipa, atafanya mtihani, niwashukuru wote. Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika simu na aplikesheni bado inaonyesha muamala "umezuiwa", kwa hiyo nilijua kabisa kwamba pesa iliyofika siyo niliyoituma mimi. Kinywa changu kikasema, "Mnaona, mtandao umefunguka."

Jumapili wakanisimamisha mbele ya watu wote, na mama yake Sista akanipa jogoo. Nikamchukua. Njia ya kwangu inapita nyumbani kwake, na mwanzoni mwa wiki ile kulikuwa na bati mpya zimeegemezwa ukutani zikingoja fundi. Hazikuwepo. Nikapita hivyo hivyo, jogoo kwapani.

Pesa ilirudi kwenye simu yangu mwishoni mwa Januari, mvua zimekolea. Nilimpelekea mama yake Sista yote. Nilimkuta ndani, chini ya paa lilelile la nyasi la zamani, amekinga maji kwa beseni mbili na sufuria. Nikamwambia hizi zimebaki kwenye zile za Sista.

"Zimebaki nyingi," akasema, akazipokea, akanikaribisha uji.

Tangu hapo kila anayeniomba nimtumie pesa namwambia kwanza anipigie picha ya pasipoti ya mpokeaji, hata kama ni mama yake mzazi. Watu huniona makini. Sasa Sista amehitimu, Jumapili hii tunampokea, na jumuiya imenichagua mimi kusoma risala, na wanataka nisisahau kile kisa cha Mwalimu aliyeokoa mtihani. Nimeiandika mara tatu nikaichana mara tatu. Jana nikampigia Sista, ambaye ameshafika kwa mama yake, nikamweleza kila kitu bila kupumua, kuanzia benchi mpaka jogoo.

Akacheka kidogo. "Mwalimu, mama aliniambia wiki ileile. Alhamisi alikwenda Nachingwea kwa bodaboda na pesa ya bati alizouza, akatuma kwa jina la Tekla. Akanikataza nisikwambie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Alisema ukiaibika utaomba uhamisho, na shule haina mwalimu mwingine wa hesabu."

Nikasikia simu inapokezanwa, kisha sauti ya mama yake, ya chinichini, kama ile ya kwenye benchi.

"Mwalimu. Jumapili unasoma wewe?"

"Nasoma mimi, mama."

"Basi useme Tekla."

"Nimesikia, mama," nikasema, na safari hii nilikuwa nimesikia.