Gogo la Mkwaju la Bure

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue maneno haya yanatoka kwa nani. Skuli niliishia darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini leo nina maduka mawili, nina lori, nina nyumba ya mawe, na vyote hivyo nimevitoa kwenye kuni. Nilianza kwa kubeba mzigo kichwani kutoka shamba, nikaja nikapata gari la punda, nikaja nikawa na uwanja wangu mwenyewe Ng'ambo. Hata wenyewe wa Mji Mkongwe, wale wenye milango ya nakshi, walikuwa wakituma watu kwangu, wakisema, nendeni kwa yule, huyo hakuuzieni kuni mbichi.

Na kuni nazijua. Nifunge kitambaa machoni, unipe kipande kisicho na gamba, nikwambie. Mwembe mwepesi, unapasuka upesi lakini una moshi wa kuliza mama mkwe. Mfenesi unanata mkononi. Mkanju unatema cheche. Mvinje mgumu, lakini nyuzi zake zimenyooka, ukilipata pahala pake unapasuka kwa mlio mmoja safi, kama mtu aliyepiga kofi. Mkarafuu sina haja hata ya kuushika, pua inatosha. Hakuna mti Unguja hii uliowahi kunitia aibu, isipokuwa mmoja, na huo ndio nnaotaka kuuandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, majumba mapya ya ghorofa yalipokuwa yanapandishwa Ng'ambo. Nyumba za udongo zilivunjwa, na miti ya uani ikaangushwa pamoja nazo. Mmoja wao ulikuwa mkwaju mkubwa. Matawi watu waliyagombania siku ile ile. Shina hakuna aliyelitaka. Lilikaa pale mwaka mzima, jua lake na mvua yake, mpaka msimamizi wa ujenzi akaniambia, "Ukiweza kuliondoa, ni lako. Bure." Nikalisukuma kwa miti na magogo ya kuviringishia mpaka uwanjani kwangu, mbele ya nyumba yetu. Lilikuwa nene hivi kwamba mtu akisimama upande wa pili ulikuwa unaona kofia yake tu.

Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa ameposwa, na karamu ilipangwa Jumapili. Baba yetu alikwisha fariki, kwa hiyo mwenye shughuli nilikuwa mimi. Sasa, kwetu harusi haianzi na ngoma. Inaanza na kuchanja kuni. Siku chache kabla ya karamu, mwenye shughuli hutuma mtu nyumba kwa nyumba: kesho asubuhi kuna kuchanja kuni kwa fulani. Wanaume huja na mashoka yao, hunywa chai na mandazi, huchanja, hutaniana, na aliyechanja ndiye aliyealikwa. Kadi hakuna. Shoka lako ndiyo kadi yako.

Mimi nikaona haya. Mchanja kuni wa mtaa mzima aite watu wamchanjie kuni? Nikasimama barazani kwa muuza kahawa, nikatangaza: "Kuni za harusi ya mdogo wangu nachanja mwenyewe. Gogo lile moja tu linapika pilau yote na chai ya wageni juu. Msijisumbue."

Jirani yangu mmoja, fundi wa kushindilia madari ya chokaa huko mjini, mtu mzima kuliko mimi na mdomo wake hauna breki, akauliza, "Na pilau nayo utaila mwenyewe?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Mama hakucheka. "Umewafukuza watu, mwanangu," aliniambia nyumbani. "Mimi nimechagua mchele kwenye harusi za nyumba zao zote. Leo zamu yangu, wewe umewafukuza."

"Watakuja kula, Mama."

"Hawaji. Utaona. Mdogo wako ataolewa mbele ya masufuria matupu."

Nikasema moyoni, nikilichanja kwa uzuri watakuja kulitazama, na wakishakuja wamekuja. Tena kuni zangu nyingine zote nilikuwa nimekwisha kumuuzia mwenye tanuri la mikate. Kwenda kununua kuni kwa muuzaji mwenzangu wiki ya harusi yetu? Bora nihame mtaa.

Alkhamisi asubuhi nikalipiga gogo shoka la kwanza. Shoka likarudi likilia, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Nikatia kabari kichwani. Ufa ukakimbia kidogo, halafu ukapotelea ubavuni, kikabanduka kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Nikaligeuza, nikaanza upande wa mizizi. Vile vile. Nikapiga kabari ya pili ikazama yote, gogo likaimeza, sikuiona tena. Ijumaa mpini wa shoka ukavunjika. Nikatia mwingine, nao ukavunjika.

Na baraza lilikuwa palepale, mkabala na uwanja wangu, watu na vikombe vyao.

"Fundi, vipi, limekubali?"

"Labda halijui Kiswahili. Lisemeze Kihindi."

"Mwacheni bwana, anachonga mtumbwi."

Jirani mpiga dari akaja akaokota kijiti kimoja chini, akakitazama juani. "Hizi ndizo kuni za harusi? Mimi nilidhani unatuchongea vya kuchokolea meno." Akakiweka nyuma ya sikio, akarudi kukaa. Hakuna aliyenishikia hata shoka. Na walikuwa na haki, mimi ndiye niliyewaambia wasijisumbue.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimelimenya gogo gamba lote, limebaki la manjano, laini, halina alama, limelala kama samaki mkubwa. Mpishi alikuwa amekwisha leta masufuria yake na mafiga. Ndani wanawake walikuwa wameroweka mchele wa vitumbua. Mama akatoka na beseni la yale maji ya mchele, meupe kama tui. Mahala pa kuyamwaga palikuwa pengi. Akaja mpaka kwangu, akaliinua beseni, akayamwaga yote juu ya gogo.

"Na linywe," akasema. "Siku zote hizi umelipiga, hata maji hujalipa."

Barazani wakaangua kicheko. Mimi nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta, nimeinamisha kichwa.

Jua lilikuwa kali. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yamekauka. Na juu ya gogo palikuwa na maandishi.

Ndivyo nilivyodhani kwanza, wallahi, kwamba ni maandishi. Mistari myeupe, myembamba kuliko unywele, gogo zima. Nikasogea. Zilikuwa nyufa. Zilikuwapo siku zote, jicho tu haliwezi kuziona, na sasa unga wa mchele ulikuwa umekauka ndani yake ukazitoa nje. Na hakuna hata mmoja ulionyooka. Zote zilianzia kichwani, zikapita ubavuni, zikazunguka tumboni chini, zikapanda upande wa pili mpaka kwenye mizizi, kama kamba ya katani. Mti ule ulikuwa umejisokota. Tangu mche umekuwa ukigeuka kidogo kidogo, kaskazi na kusi, wakati babu yangu hajazaliwa, na sisi tunapita chini yake tunaokota ukwaju, tunadhani umesimama.

Nilipiga magoti. Sisemi uongo, sikuona haya ya baraza. Niliufuata uzi mmoja kwa kidole kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho, nikahisi nimeshika kitu ambacho si changu.

Halafu akili ya kazi ikarudi. Gogo la namna hiyo hulipasui katikati. Unazipanga kabari juu ya uzi wake, moja baada ya moja, unazunguka nao, na zote zipigwe kwa zamu bila kusita, kwa sababu ukipiga hii ukaiacha ile, ile inalegea na kuchomoka. Peke yangu ningelipiga mpaka mtoto wa mdogo wangu aolewe.

Nikavuka njia nikaenda barazani.

"Assalaamu alaykum."

"Waalaykumu salaam," wakajibu, macho kwenye vikombe.

"Shikamoo," nikamwambia mpiga dari.

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hakufa mtu. Leo, sasa hivi, kuna kuchanja kuni kwetu."

"Kwenu wapi? Sisi tunavyojua, kwenu kuni zinajichanja."

"Nshakosa, bwana. Nakuombeni."

Akanywa kahawa yake yote kwanza. "Faini ipo. Halwa. Si sahani moja ya kuonjeshana. Kila shoka na halwa yake, na kahawa mpaka tuseme basi."

"Sukari yenyewe ya foleni siku hizi!"

"Na migongo yetu nayo ya foleni. Unataka hutaki?"

Nikataka. Walikwenda majumbani mwao wakarudi na mashoka, nyundo, kabari za chuma na za mvinje. Nikawaonesha uzi. Wakainama kuutazama, mmoja baada ya mmoja, na mzaha ukawatoka. Tukapanga kabari kuanzia kichwani mpaka chini ya tumbo, kila mtu na yake. Mpiga dari akasema, "Piga kama tunavyoshindilia dari. Mimi naita, nyinyi mnaitika na kupiga."

Akaita, "Fundi kaona nini?"

"Kaona uzi!" Na nyundo zikashuka, hii, hii, hii, zikizunguka gogo kama duara la ngoma.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu gogo likatoa sauti ya ndani, kama mlango wa nyumba ya zamani unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikiwa. Sauti ikakimbia ikifuata uzi, ikazunguka, ikapotea chini, ikatokea upande wa pili miguuni mwangu. Gogo likajigeuza lenyewe kidogo, kama mtu usingizini. Likafunguka. Halikuanguka huku na huku. Lilifumuka, nusu mbili zikiachana polepole kama mikono iliyokuwa imeshikana, na kabari yangu iliyomezwa ikadondoka kutoka ndani.

Moyo wa mti ulikuwa wa rangi ya zambarau mbivu, pembeni manjano, na mawimbi yake yanazunguka yanang'aa. Harufu ikatoka, kali na tamu. Mpiga dari akavua kofia yake. Mama alikuwa kizingitini, akaja, akaweka kiganja juu ya ule moyo, akasema, "Subhanallah," akarudi kwenye vitumbua vyake.

Kutoka hapo, kwa kufuata uzi, vilivyobaki vilipasuka hata kwa mashoka ya wasiojua. Jumapili moto ule haukuwa na moshi. Mpishi aliweka makaa juu ya vifuniko vya pilau, hakuyabadilisha mpaka wali umeiva. Mtaa mzima ulikula. Mdogo wangu aliolewa mbele ya masufuria yaliyojaa, na Mama alizunguka na sahani akiwagombeza watu kwamba hawali.

Nimeona mengi baada ya hapo. Nimeuza magogo ya kujaza lori langu mara nisizozijua, na kila moja namwagia maji ya mchele kwanza, wanunuzi wanadhani ni uganga. Bado sijaona lililofumuka vile. Na bado nasema mimi si mtu wa kushangazwa, siku ile siitii katika hesabu.

Ninayoitia katika hesabu ni hii: halwa ya mashoka yote, kahawa mpaka waliposema basi, na mipini miwili mipya. Gogo la bure lilinigharimu shilingi arubaini na saba na thumuni.