Nilikataa kumlia kiapo Sadiki siku ya kura ya seneti

Wakuu salaam, na ninyi wajukuu mnaosoma bila kuandika.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, niliishia darasa la nne, herufi zikipotea mtanisamehe. Haya yalinitokea mwenyewe. Wahusika wako hai, nikidanganya watanisuta humu humu.

Naishi Columbia Heights, juu kidogo ya Minneapolis. Kwetu ni Fizi, Kongo, ila nilikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na minane.

Shule sikupata, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Jengo letu lina milango ishirini na minne, wote nawajua mpaka watoto.

Siku ile tulikuwa tunapigia kura kiti cha seneti, kile cha kule Washington. Kiti kimoja, Minnesota nzima inakipigia.

Sasa hapa kuna sheria moja naipenda. Kama unajiandikisha siku ile ile na huna karatasi yenye anwani yako, jirani aliyeandikishwa kituo hicho anaweza kuapa kwamba unaishi pale. Anaweka sahihi, unapiga kura. Wao wanaita vouch.

Asubuhi nilikuwa nimemwapia Mama Riziki wa mlango wa tisa, anayeishi kwa mwanawe. Nilijisikia mtu. Kambini nimeona watu wakikosa unga kwa sababu hakuna aliyesema "huyu namjua".

Natoka kituoni na mjukuu wangu Neema, huyo Sadiki anaingia.

Sadiki alikaa juu yetu miaka miwili. Mume wangu Bulaya alipozidiwa na lifti imekufa, Sadiki ndiye aliyembeba mgongoni ngazi zote. Mwaka jana akahamia Eagan, karibu na warehouse anakofanya kazi. Uraia kaupata juzi juzi, hii ndiyo kura yake ya kwanza.

Alikuwa amepanda mabasi mawili kuja, gari kamwachia mkewe. Saa tisa anaingia shift. Nikamuuliza mbona huku? Akasema kura ya kwanza mtu anapiga kwa watu wake. Simlaumu. Kambini kadi yako ya chakula ilikoandikwa ndiko ulikopanga foleni, hata uhamishwe mara ngapi.

Leseni yake ina anwani ya zamani ya Saint Paul, alikokaa kabla ya kuja kwetu. Bili zote zina jina la mkewe, Furaha.

"Mama, niapie. Sema naishi juu kwako."

"Juu kwangu sasa yuko Yohana na mkewe Asende."

"Kiti si ni kile kile, Mama? Nani ataumia?"

Foleni ikageuka kututazama. Yule mama wa Kizungu wa mezani, aliyepokea kiapo changu cha asubuhi, ameshika kalamu, anangoja.

"Sadiki, ungetaka damu ningekupa. Hili siwezi."

"Basi. Nilidhani hapa nina mama."

Akatoka, akakaa nje kwenye ukingo wa saruji. Saa sita ilikuwa haijafika.

Wakuu, niseme ukweli, mkono ulishaanza kwenda kwenye kalamu. Kilichonizuia si woga wa polisi peke yake. Niliwaza, wakikuta uongo mmoja wa mkono wangu, hata ukweli wa Mama Riziki utaonekana uongo.

Neema akaenda kumuuliza yule mama wa mezani. Akarudi na Kiingereza chake: "Bibi, he can vote in Eagan. It's the same seat." Yaani Eagan anaweza kupiga, kiti ni kile kile, ila anahitaji karatasi, au mtu wa kituo chake cha huko wa kumwapia.

Sadiki akacheka kwa uchungu. "Eagan simjui mtu. Natoka kazini, nalala."

Hapo jina likanijia: Nyambura. Mkenya, nesi, aliniuguza nilipopasuliwa goti. Aliwahi kunielekeza kwake Eagan, nami nilipokwenda kumpa Furaha hongera ya uzazi niliona ni apartments zile zile.

Nikampigia simu. Akasikiliza, akaniita bibi kwa lugha ya kwao, akasema, "Shosho, nitaapa aje kwa mtu simjui?"

Nikamheshimu kwa hilo. Nikamwambia Neema afungue video, tukamwelekezea Sadiki.

"Ai, huyu? Si ni huyu wa Corolla ya green? Hunipatia jump gari ikikataa kuwaka kwa baridi. Namuitanga boss tu."

Sadiki akajikuna kichwa. "Na mimi nakuita sister."

Neema akampeleka kwa gari, Nyambura akawasubiri mlangoni pa kituo.

Saa nane simu ikalia. "Mama, nimepiga."

Nikamshukuru Mungu.

"Lakini ulinitia haya mbele za watu."

"Ndiyo, nilikutia."

Hakukata. Baadaye akaniuliza kama nimekula.

Nani alikipata kiti si hoja ya uzi huu.

Nilichojifunza: wema peke yake hautoshi. Mtu anakuwashia gari kila baridi na hujui anaitwa nani, siku ya kuapa utasema nini? Muulizeni jirani jina.

Ila kuna jambo bado linanikaa kooni. Yule kijana alimbeba mume wangu, na mimi nilimwambia hapana hadharani. Ningerudishwa pale ningesema hapana tena, labda kwa sauti ya chini.

Nyie mngeweka sahihi? Semeni bila kunionea aibu kwa sababu ni bibi. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.