Jina la Zuhura Darasani

Siku niliyoripoti kazini, kwenye sekondari moja ya Kisarawe, Mkuu wa Shule alisoma barua yangu akatabasamu. "Umesomea sanaa? Haya, utafundisha na kilimo." Rangi hazikuwepo. Nilikuwa na kitabu kimoja cha picha za Italia ya zama za mwamko wa sanaa, maelezo yake Kiingereza kigumu, nami nilikuwa mvivu wa kusoma ila mwepesi wa kusema.

Wachoraji wale walikuwa Wakristo, lakini walichora miungu ya kale ya Warumi kwa istiari, yaani picha inasema hili na kumaanisha lile: ukimwona mungu wa kike wa mapenzi, ambaye nyota yake sisi twaiita Zuhura, ujue wanazungumzia roho. Hilo nalijua leo. Siku ile, mbele ya Kidato cha Pili, nilifungua picha ya wanawake wawili wameketi kando ya birika la maji, mmoja kavaa akapendeza, mwenzake yu uchi. Nikasema kwa kujiamini kwamba aliyevaa ni upendo wa mbinguni, na wa uchi ni tamaa za dunia. Ulimi hauna mfupa, nikaongeza, "Kwa Kiswahili, huyu wa uchi ndiye Zuhura."

Darasani alikuwamo Zuhura, binti wa mkulima wa Maneromango, mpole, mwenye mkono mzuri wa kuchora. Darasa zima lilimgeukia, likacheka. Nami nilicheka. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Wakamwita Zuhura wa Uchi. Alikuja ofisini kuniomba niwakataze. Nikamjibu, "Utani tu huo, watachoka." Hawakuchoka. Muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Mimi nilihamishiwa Kibaha, kule Mkuza, nikapanda hadi Makamu Mkuu wa Shule. Mkaguzi alinisifu mbele ya walimu vijana kwa kujua somo langu. Nilipostaafu ndipo nilipousoma ukurasa wa picha ile, kamusi mkononi. Nilikuwa nimewageuza wanawake wale. Aliye uchi ndiye upendo wa mbinguni, hana vazi kwa kuwa hana cha kuficha. Mapambo ni ya dunia.

Nikamtafuta Zuhura. Ana duka la vitambaa mtaa wa Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema, akiendelea kukunja kitenge. "Ila mimi jina langu nilijua ni zuri tangu nyumbani. Hayo ungewaambia wale wa darasani."

Nimejaribu kuwakumbuka ili niwatafute. Jina linalonijia ni moja tu, la kwake.