Siku Tulipomficha Kaka Yake

Watu wa Isansa watakuambia kwamba mchezo wa kwanza wa jukwaani ulichezwa shuleni. Si kweli. Ulichezwa ndani ya ghala langu la kahawa, na jukwaa nililigongomea misumari kwa mkono wangu huu, mimi niliyeacha shule kabla vidole havijazoea kalamu. Ghala lilikuwa na bati wakati hata kanisa lilikuwa bado la nyasi. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ukinyamaza, watu husahau.

Vita vikubwa vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na vijana wetu waliopelekwa Burma walikuwa wamerudi na makoti. Kwenye shamba la Mzungu jirani akaja mama mmoja kusimamia vichanja vya kuanikia kahawa. Alikuwa Myahudi. Habari hiyo ilituchangamsha sana, maana sisi Wayahudi tuliwajua kwenye Biblia tu. Mzee mmoja wa kanisa alitembea kutoka mbali kuja kumtazama, akarudi amevunjika moyo kidogo, kwa kuwa alimkuta akimfokea punda kama mtu yeyote.

Siku moja mama huyo akanijia ghalani.

"Bwana, niazime ghala Jumapili moja, baada ya ibada. Nataka kucheza mchezo."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayeyajua mambo, kwamba haiwezekani. Hata hadithi ya sungura ina wa kuitikia. Yeye nani atamjibu?

"Hakuna," akasema. "Wa kunijibu wote waliuawa."

Nikakaa juu ya gunia. Akanieleza kwamba katika mji wao Wayahudi wote walikusanywa na askari wakauawa ukingoni mwa msitu, si kwa kosa, ila kwa kuwa Wayahudi. Mama yake alikuwamo, na kaka yake. Yeye alikuwa darini mwa zizi la farasi, akaona yote kupitia ufa wa mbao. Tangu afike Tanganyika alikuwa amejaribu kuwasimulia Wazungu wenzake klabuni, lakini kila akikaribia mwisho, mmoja hukumbuka chai, mwingine huuliza habari za mvua.

"Sijafika mwisho hata mara moja," akasema. "Nikisimama jukwaani labda hawatanikatiza."

"Hapa kwangu hakuna wa kukukatiza," nikamwahidi. Na mimi nikiahidi nimeahidi.

Tukaanza mazoezi. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, leta, peleka, upesi, hata mama mzazi kwenye mchezo akawa anawaamrisha wanawe kama vibarua. Nikamrekebisha. Leo ukimsikia mtu akisema yule mama alijua Kiswahili, ujue mwalimu wake ni nani. Nikamshauri pia aongeze fisi, maana watu wetu hawachoki fisi. Akacheka, akakataa. Kitambaa cha kichwa kingekuwa mama, mikono mfukoni kaka, na kofia askari. Kofia niliitoa mimi, ile niliyoinunua Tunduma.

Jumapili hiyo ghala lilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia. Alipofunga kitambaa akaanza kumgombeza mwanawe kwa kuingia na matope ndani, akina mama wakagongana viwiko. "Huyo ni dada yangu kabisa," mmoja akasema. Kaka mtu akajibu kwa jeuri, mikono mfukoni, akaiba kiazi chunguni, watu wakacheka. Tukampenda yule kijana.

Kisha akavaa kofia. Mgongo ukanyooka, sauti ikawa kavu. Akatutazama sisi.

"Mwanao wa kiume yuko wapi?"

Hapo, kwa mazoezi yetu, kilitakiwa kimya. Lakini watu wangu wameulizwa swali hilo maisha yao yote. Kila msimu wa kodi askari wa boma huja, husimama mlangoni, huuliza hivyo hivyo. Bibi mmoja wa Chapwa, aliyekuja kumtembelea binti yake, akajibu pale pale bila kuinua macho.

"Amevuka. Yuko ng'ambo kwa wajomba zake."

"Tangu mavuno," akaongeza mwingine.

"Si yule aliyepita na mbuzi? Ameelekea Ibaba."

"Ibaba hayuko, afande, mimi nimetoka huko. Na miguu yake ilivyo mibovu, hakufai hata kidogo."

Askari akabaki na mdomo wazi chini ya kofia yangu. Nami, mtu wa heshima, mwenye tai, nikajikuta nimesimama.

"Kijana huyo alikufa kwa surua," nikasema. "Nilimzika mwenyewe."

"Alimzika," ghala zima likaitikia.

Yule mama akacheka, akakaa ukingoni mwa jukwaa, na kicheko kikageuka machozi. Akavua kofia.

"Kwetu alipouliza," akasema, "jirani alinyoosha kidole."

Akaigeuzageuza kofia mikononi.

"Mkimficha hivi, sitafika mwisho. Na nataka kufika."

Bibi wa Chapwa akafikiri. "Basi fika, mwanangu. Lakini ijulikane, si sisi tuliomwonyesha."

Akavaa tena kofia, akauliza tena. Safari hii tulifunga midomo, na nakuambia, kunyamaza kule kulikuwa kazi kubwa kuliko kubeba gunia. Akawa jirani, akanyoosha kidole. Akawa mama, akamshika mwanawe mkono. Wakatembea pamoja hadi msituni, hatua fupi fupi juu ya mbao zangu. Akayasema yale aliyoyaona kwenye ufa, yote, kisha akayataja majina ya wote wawili na kusimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Akanigeukia, uso umemshuka.

"Hawakupenda?"

"Mama, umetangaza msiba. Utapigiwaje makofi?"

Bibi alikuwa ameshapanda jukwaani. Akamketisha chini, akakaa ubavuni pake, akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Huyo kaka, alikuwa mkubwa wako au mdogo?" Wanawake wakamfuata, wakamzunguka, mmoja akatumwa unga, mwingine kuni. Wanaume wakakalia magunia yaliyobaki. Mimi, mwenye ghala, nikatafuta pa kukaa nikakosa, nikasimama mlangoni kama mgeni hadi jua lilipozama.