Shangazi Aliyezunguka Funyula

Juzi kwenye foleni ya uhamiaji hapa Busia nilisimama nyuma ya mke na mume waliokuwa wakienda hospitali Kampala kutungishiwa mimba kwenye maabara. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimuua binti yao. Sasa mke alitaka mayai yaliyorutubishwa yapimwe ugonjwa huo kabla ya kuwekwa tumboni mwake.

Shangazi wa mume, aliyekuwa akisafiri nao, akamnyooshea mke kidole. "Kwani hizo ni nyanya za soko unachagua? Mtoto anatoka kwa Mungu. Pokea chenye amekupa."

Mume akaangalia viatu vyake. Mke akafunga pasipoti yake taratibu, akageuka.

"Shangazi, kabla niolewe ulizunguka Funyula yote ukiuliza kama kwetu kuna kifafa. Siku hiyo Mungu ulikuwa umemwacha wapi?"

Shangazi akajifunga leso upya.

Nilitaka kupiga makofi, nikaogopa askari. Hasira ningali nayo. Ukoo mzima una ruhusa ya kumpima msichana kabla hajavuka mlango wao. Lakini mama aliyemzika mwanawe akitaka kuupima ugonjwa uliomuua, sote ghafla tunageuka wachungaji.