Zamu ya Nyawira

Katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, Wangeci alijulikana kwa mikono myepesi na mdomo usiopumzika. Alichuma huku akipiga domo, na bado debe lake lilijaa kabla ya la wenzake. Kwa hiyo mwaka wa 1957, alipoanza kuchuma kimya na kurudi nyumbani mapema, leso mbili zimemkaza kiunoni, kambi nzima ya wachumaji ilijua kuna jambo.

Damu ilikataa kukatika. Daktari mjini Thika alimpapasa tumbo, akasema kuna uvimbe umekua ndani ya nyumba ya mtoto, na hakuna dawa ya kunywa itakayouondoa. Ilibidi nyumba yote ya mtoto itolewe, la sivyo damu ingemwishia mwilini. "Uko na watoto wanne," nesi aliyekuwa akitafsiri akamwambia. "Hao wanatosha." Wangeci akaomba aende afikirie.

Watu walidhani anaogopa kisu. Mumewe Ephantus, dereva wa trekta, alimletea hata mzee wa kanisa amwombee ujasiri. Wangeci aliitikia amina na kubaki palepale. Aliyemkosesha usingizi ni mama yake.

Kwao mtoto hapewi jina kwa kuwa linapendeza. Mvulana wa kwanza ni babake baba, wa pili ni babake mama. Msichana wa kwanza ni mamake baba, wa pili ni mamake mama. Mzee ambaye mtoto amepewa jina lake amezaliwa upya, na huzeeka bila wasiwasi. Wangeci alianza vizuri: Muigai na Wangari wa upande wa mume, Wainaina wa baba yake. Kisha akaja msichana wa pili, na zamu ilikuwa ya Nyawira, mama yake mzazi.

Sasa, mwaka aliozaliwa msichana huyo, dadake Ephantus, aliyeitwa Mumbi, alikuwa amefariki, na mama mkwe hakuwa akila. Hakuna aliyemwomba Wangeci kitu. Ni yeye mwenyewe, bado yuko kitandani, aliyesema, "Aitwe Mumbi. Maitu, mama yangu, atangoja mwingine." Mama mkwe akalia kwa furaha, wanawake wakasema boma hilo halijawahi kupata mke kama huyu, na tuseme ukweli, sifa hizo zilimnoga. Alikuwa kijana. Watoto aliwahesabu kama mahindi, ukipanda yataota. Nyawira alipoletewa habari alisema "sawa," akaendelea kuchambua maharagwe yake. Baada ya hapo mimba mbili zikaharibika, kisha ndiyo ikaja damu hii.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Wangeci yalikuwa ya mjukuu hasa, yule ambaye sasa hangezaliwa.

"Tumbadilishe Mumbi jina," Ephantus alisema hatimaye. "Bado ni mdogo, atazoea." Wangeci akalishika hilo kwa mikono miwili. Wakaomba cheti cha kusafiri, maana siku hizo hawakuruhusiwa kutoka shambani bila hicho, wakaenda kijiji ambako serikali ya wakoloni ilimhamishia Nyawira, ng'ambo ya mji wa Thika. Ephantus, kwa heshima ya mkwe, alibaki nje. Wangeci akaingia peke yake.

"Maitu, daktari anataka kutoa nyumba ya mtoto. Sitazaa tena."

"Na wewe unasema nini?"

"Nilifikiria nijaribu mmoja kwanza. Msichana."

Nyawira alimtazama midomo, ilivyokuwa imepauka. "Na akitoka mvulana?"

Wangeci akageukia njia ya pili. "Ama tumpe Mumbi jina lako. Baba Muigai amekubali."

"Yule marehemu alikuwa msichana wa adabu. Tukipatana sokoni alikuwa ananibebea kikapu. Unataka azikwe mara ya pili, mimi nikalie kaburi lake?"

"Basi niambie si kitu. Niambie hukukasirika."

"Nilikasirika," Nyawira akasema. "Hata saa hii nimekasirika. Ulinipeana mbele za watu ndio usifiwe. Wenzangu wanabeba majina yao mgongoni. Mimi nabeba kuni."

Wangeci alilia kwa aibu. Alikuwa amekuja kutafuta msamaha wa kumsindikiza kwenye kisu, na sasa aliona kwamba hata kutaka kuzaa tena akiwa katika hali hiyo ilikuwa njia nyingine ya kujisafisha yeye, wala si zawadi kwa mama yake.

Nyawira aliinuka, akajitanda shuka lake. "Twende."

"Wapi?"

"Hospitali. Bwana yako si yuko hapo nje? Ndiye ataulizwa ruhusa." Akashika mlango. "Mtoto akinikosea nitamkasirikia mpaka nichoke, hiyo ni haki yangu. Lakini siwezi kukasirikia kaburi. Twende."

Wakaenda, Wangeci katikati, na alipoulizwa kama amekubali alijibu mwenyewe kwamba amekubali.

Alipona polepole. Nyawira alikuja wodini kila siku, akamwosha, akamchana nywele, akagombana na manesi kuhusu uji mwepesi. Neno la msamaha halikumtoka. Wangeci alivumilia mpaka akashindwa.

"Maitu, bado umekasirika?"

"Bado," akasema Nyawira, huku akimgeuza taratibu alalie upande usiouma.