Mawese Kwenye Bolti ya Difu

Nilikuwa nachambua maharage mbele ya nyumba niliposikia mashine yangu inarudi kutoka Mbarara, na kabla haijaonekana nilijua haiko sawa. Ilipofika kwenye kona ya bomba la maji, fasi ambapo kila dereva anapunguza mwendo halafu anaongeza, ilisema ko! kule chini, kama goti lililogongwa kwenye meza. Halafu ikaanza kuguna. Mashine yangu haikuwa na tabia ya kuguna.

Ni pikipiki ya magurudumu matatu, yenye sanduku la mizigo nyuma. Hizi boda boda za kawaida zinavutwa na mnyororo, lakini yangu haina mnyororo. Chini ya sanduku kuna chuma kirefu kinachozunguka, kinachukua nguvu kwenye injini na kuipeleka nyuma. Sisi wa Kivu ya Kusini tunakiita kardani, Waganda wanasema propela. Kardani inashikwa na viungo viwili, krosi ya mbele na krosi ya nyuma, na mwisho wake inaingia kwenye difu, chungu cha chuma chenye meno ndani, ambacho kinagawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kuume. Mnyororo ukichoka unauona kwa macho. Kardani ikichoka inabidi uisikilize.

Kusikiliza nilifundishwa na marehemu mume wangu. Alikuwa dereva wa lori kule kwetu, barabara ya Uvira, na lori likilala njiani mimi ndiye niliyemshikia taa chini ya gari. Shule niliiacha nikiwa bado nasoma silabi, ndiyo maana haya ninayaandika polepole. Lakini kichwa changu kinashika. Majina ya watu wote niliokuja nao huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, ninayo, na la huyu ninayemsimulia ninalo pia. Sitaliandika. Ana watoto, na watoto wanaitwa kwa jina hilo shuleni.

Huyo ni mdogo wa mume wangu, wa mwisho tumbo moja. Mama yao alikufa huyu akiwa bado ananyonya, nikamchukua mimi. Nilimlea pamoja na wanangu, nikamvusha mpaka pamoja nao. Ananiita Mama. Mashine ilipopatikana, baada ya misimu mingi ya maharage na mbuzi wangu wote kuondoka, sikutafuta dereva mwingine. Yeye ndiye aliyeiendesha. Alibeba mahindi na maharage ya watu mpaka Masha na Mbarara, akarudi na chumvi, sabuni na mabati. Nyumba yangu ilikula hapo. Wajukuu niliobaki nao, ambao mama zao hawapo tena, walikula hapo. Ile mashine ikisimama, sufuria inasimama.

Kwa hiyo niliitunza. Kila Jumamosi, jua likipungua ukali, aliiingiza kivulini, mimi nikatandika gunia na kuingia chini yake. Nilisukuma grisi kwenye krosi mpaka ile ya zamani itoke pembeni. Kama grisi inatoka na vumbi jekundu kama kutu, ujue ndani mmekauka. Nilifungua bolti ya difu nikachovya kidole, nikasugua oili kati ya vidole viwili. Oili ikiwa kama maji ya mchele, maji yameingia. Ikiwa inametameta, meno yanalika. Nikimaliza, nilipaka mawese kidogo kwenye mikunjo ya bolti, ile inayoingia ndani, kabla ya kuifunga.

Mawese, ndiyo. Yale mafuta mekundu ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Kule kwetu wakati wa vita hakukuwa na kitu kingine, mume wangu alipaka mawese kwenye kila bolti ili isishikwe na kutu, na mimi nikaendelea. Mafundi wa Mbarara walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mukaaka, unatengeneza pikipiki ama unaipika?" Mukaaka kwa Kinyankore ni bibi. Nikamjibu, "Naipika, njo maana inashiba, haiji kukuomba chakula wewe." Wenzake walimzomea siku nzima.

Basi siku hiyo dereva wangu alikuwa ametoka Mbarara. Juzi yake alikuwa ameniambia sili ya difu, ile raba inayozuia oili, inavuja, anaipeleka kwa fundi kule Kakiika, Mbarara hukohuko, atalala huko. Nikamwambia nenda. Akarudi na ile ko.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?" akasema akishuka. "Fundi alibadilisha sili. Iko muzuri sana."

"Inaguna."

"Ile ni barabara tu, Mama. Barabara ya huku inaua bintu."

Barabara. Miezi ile barabara ilikuwa imeua vitu vingi. Iliua betri, akanirudishia betri iliyochoka. Iliua gurudumu jipya la nyuma. Turubai la kufunika mizigo, ambalo nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, lilipeperushwa na upepo, alisema, karibu na Masha. Nililia kidogo kwa ajili ya lile turubai, yeye akanipiga piga mgongoni akisema, "Pole, Mama, bintu binapita."

Nikamwambia aweke mawe kwenye gurudumu la mbele na kuinua nyuma kwa jeki. Nikatandika gunia.

"Mama, umechoka. Tungeangalia kesho."

"Macho yangu ndiyo yamechoka. Mikono bado."

Nilishika kardani nikaizungusha mbele na nyuma. Krosi zote mbili zilikuwa sawa, nilizijua, ni zangu. Lakini kardani ilizunguka bure sehemu kubwa kabla gurudumu halijaitika. Hiyo ni difu. Meno yamelika, yanatafutana. Difu yangu siku ile alipoondoka nayo ilikuwa inaitika papo hapo, nilikuwa nimeipima Jumamosi iliyopita kwa mikono hii. Difu haiwezi kuzeeka kwa safari moja.

Niliangalia vizuri. Difu za mashine hizi zote zinafanana, na hii ilikuwa imefunikwa tope. Lakini kwenye kichwa cha bolti kulikuwa na mawese. Mengi, mabichi, yanang'aa.

Nikaifungua. Oili ilitoka nyeusi, inametameta. Na mikunjo ya bolti, fasi ambapo mawese yangu yanakaa mpaka yanageuka rangi ya chungwa na kuganda, ilikuwa mikavu. Kavu kabisa, kama mfupa.

Niliigeuza ile bolti mkononi. Fundi gani wa Mbarara ana mawese? Nani anajua kwamba nikiingia chini natafuta ile rangi? Yule niliyemlea alikuwa ameniletea chupa ya mawese kila Jumamosi tangu tupate hii mashine, akaniona naingia nayo chini, lakini hakuwahi kupaka mwenyewe. Aliijua rangi tu. Hakujua inakwenda ndani.

Palepale nilijua. Lakini moyo ni kitu cha ajabu, ukaanza kunitafutia njia nyingine. Pengine fundi alimdanganya. Pengine kijana aliona difu imebadilishwa akaogopa kuniambia, akapaka ili nisiumie. Nilitoka chini nikapangusa mikono.

"Hii difu si yetu," nikasema.

Aliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Bezi! Bale bafundi ba Kakiika ni bezi, Mama! Nilijua tu!" Akawatukana vizuri, kwa sauti, mpaka jirani yangu Mrundi akatoka kuuliza nani amefariki.

"Kesho tunakwenda wote wawili," nikamwambia.

Akaenda kutafuta oili ya kuijaza ile difu.

Asubuhi nilipanda kwenye sanduku, juu ya magunia mawili, tukaondoka. Alisema sana njiani. Alinionyesha ng'ombe wa Masha kama mtu ambaye hajawahi kuwaona. Aliuliza kama nimekula, kama upepo unanipiga. Mimi nilikuwa nasikiliza ile difu ya mtu mwingine chini yangu. Akikanyaga mafuta inaguna, akiachia inalia nyembamba kama mbu. Kila mlima nilisema moyoni, ivunjike hapa turudi nyumbani. Haikuvunjika.

Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba za watu. Niliposhuka sikusalimia. Nilipaza sauti, "Mwizi wa difu yangu ni nani hapa?"

Yule fundi, ambaye ndiye aliyenichekaga na mawese, aliweka spana chini. "Banange! Mukaaka, mbona unanipigia kelele? Mimi iko fundi, mimi hapana mwizi."

"Difu yangu iko wapi?"

Akamwangalia dereva wangu. Dereva wangu akaangalia viatu vyake. Hapo fundi akaelewa kitu, nikaona uso wake unabadilika, si wa mcheshi tena.

"Nyabo," akasema taratibu, jinsi wanavyomwita mama wa heshima, "difu ilitoka kwa hii, ikaingia kwa ile. Kijana wako alisimama hapa, alisema mashine zote mbili ni ya kwenu. Mimi nijue aje?"

Akanyoosha mkono nyuma ya kibanda.

Kulikuwa na pikipiki nyingine ya magurudumu matatu. Sanduku lake limepakwa rangi ya buluu, rangi haijakauka vizuri. Nikaenda polepole. Juu yake kulikuwa na turubai, na kwenye pindo la turubai kulikuwa na mshono wangu wa uzi wa gunia, ule wa kwenda na kurudi ambao mama yangu alinifundisha. Betri yangu ilikuwa pale. Gurudumu langu lilikuwa pale. Niliinama kwa shida, nikamwomba fundi spana, nikafungua bolti ya difu. Mikunjo yake ilikuwa na mawese, ya chungwa, yameganda.

Barabara haikuwa imeua kitu.

"Ni ya nani?" nikauliza bila kugeuka.

"Ni ya kwangu, Mama."

"Tangu lini?"

Mtu mmoja wa kuchomelea vyuma alianza kucheka, fundi akamwambia afunge mdomo.

Nikasimama. "Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Nilisema mbele ya mchungaji, na watoto wote wakasikia, kwamba siku nitakapokwenda, mashine itabaki mikononi mwako ulishe nyumba nayo. Ulikuwa umekaa karibu na mlango. Ulisikia ao haukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa ulikuwa unaiba kitu cha nani?"

Akainua macho mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alisema kwa sauti ileile anayoniambia maji yamechemka:

"Mama, ningengoja mpaka lini?"

Watu wameniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga. Nilikaa kwenye ukingo wa sanduku la buluu, nikachafua gauni kwa rangi yake. Nilikuwa nakumbuka asubuhi zetu. Kila nilipokohoa usiku, asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni: "Mama, umelala vizuri?" Nilikuwa nawasimulia wanawake wa kanisa, oneni huyu, mtoto wa tumbo lenyewe haulizi hivyo. Sasa sikujua tena alikuwa anauliza nini.

Nikamwambia fundi, "Rudisha."

"Yote, Mukaaka?"

"Difu, betri, gurudumu. Turubai nitalifungua mwenyewe."

Fundi alifanya kazi mpaka jua likapinda, na yule niliyemlea alimshikia vyuma. Mimi nilisimama hapo hapo. Kabla kardani haijatolewa nilichora alama kwa msumari kwenye krosi ya mbele na kwenye injini, ili irudishwe kama ilivyokaa, kwa maana ikirudishwa imepinda kidogo tu mashine nzima inatetemeka. Kisha nikatoa chupa kwenye mfuko wangu, nikapaka bolti. Hakuna aliyeniuliza kama napika.

Alitaka kubaki na mashine yake. Ilikuwa imekaa juu ya matofali, haina nyuma. Nikamwambia, "Unirudishe kwanza nyumbani ulikonitoa." Akaendesha. Njia nzima hakunionyesha ng'ombe. Mashine ilikwenda kimya, iliitika kila alipoomba, kwenye milima na kwenye kona ya bomba la maji. Ilikuwa imepona kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba chuma kinarudishwa fasi yake kwa nusu siku na alama ya msumari.

Alizima injini, akaniletea ufunguo mkononi. Nikaupokea.

Watoto walikuwa wamepika bugali na dagaa. Nyumbani kwangu tunakula kwenye sahani moja kubwa ya alumini, imetoboka pembeni, tumekuja nayo kutoka Kongo. Watu wa nyumba wanakula hapo wote, mkono kwa mkono. Sahani ya peke yake tunampa mgeni tu, ile yenye maua, inayokaa juu ya kabati. Yeye hakuwahi kuishika maishani mwake isipokuwa kuiosha.

Aliosha mikono, akakaa fasi yake ya siku zote, kati ya wajukuu wangu. Mimi nikasimama, nikateremsha sahani ya maua, nikaipangusa vumbi kwa kitenge changu. Nikampakulia bugali vizuri, na dagaa, hata zaidi ya sehemu yake. Nikaiweka mbele yake kwa mikono miwili, jinsi tunavyompa mgeni.

"Karibu," nikamwambia.

Watoto waliacha kutafuna. Aliiangalia ile sahani. Halafu akaivuta karibu, akasogea kidogo nyuma kutoka kwenye sahani kubwa, akala yote.